Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyeinua hadhi ya pikipiki

WENGI walitamkapo jina Honda hujiwa na picha ya chombo akilini: pikipiki, gari, jenereta ya dukani au pampu ya kunyunyizia shamba maji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo lilikuwa la mja mwenye damu na nyama, mwana wa mhunzi ambaye hakuhitimu chuo chochote, na ambaye mkono wake wa kushoto ulijaa makovu ya nyundo na patasi hadi uzeeni.

Soichiro Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, eneo ambalo leo ni sehemu ya jiji la Hamamatsu, mkoani Shizuoka nchini Japani. Babake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye aligeukia kazi ya kukarabati baiskeli, ilhali mamake, Mika, alikuwa mfumaji. Familia haikuwa na ukwasi, lakini vyuma, makaa na vifaa vya kazi havikukosekana, na kwa mtoto wa aina yake hayo yalitosha.

Siku ambayo gari la kwanza lilipita kijijini, Soichiro alilikimbilia kwa nyuma hadi liliposimama. Oili ilikuwa imevuja na kudondoka barabarani. Mtoto huyo aliinama akainusa, kisha akajipaka mikononi. Harufu hiyo hakuisahau maishani.

Shuleni hakung’aa. Ripoti za masomo zilitakiwa kurejeshwa kwa mwalimu zikiwa na muhuri wa mzazi, naye kwa kuogopa adhabu alichonga muhuri wa bandia kutokana na mpira wa pedali ya baiskeli. Hila hiyo ilipita salama kwa kuwa herufi za jina Honda husomeka vilevile hata zikipinduliwa kama kwenye kioo. Alipowachongea wenzake, ambao majina yao hayakuwa na bahati hiyo, njama ikafichuka.

Mnamo 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alifika Hamamatsu kuonyesha ustadi wake wa kurusha ndege. Soichiro, akiwa na umri wa miaka kumi, alichukua baiskeli ya babake bila idhini na kusafiri hadi mjini. Pesa alizokuwa nazo hazikutosha kumwingiza uwanjani, hivyo alipanda mti wa msonobari ulio karibu na kutazama kutoka huko juu.

Mnamo 1922 alielekea Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji ya Art Shokai, iliyomilikiwa na Yuzo Sakakibara. Matarajio yake yaligonga mwamba mapema. Kwa miezi kadhaa kijana huyo hakukabidhiwa spana bali mtoto mchanga wa mwajiri wake, awe akimbeba mgongoni. Alitafakari kurejea nyumbani, lakini akaona aibu ya kumkabili babake.

Septemba 1, 1923 zilzala kuu iliikumba Tokyo na moto ukaenea mitaani. Gereji ilipokuwa hatarini kuteketea, kila aliyeweza kuendesha gari alitakiwa kuliondoa moja. Honda, ambaye hakuwa amewahi kuendesha, aliingia nyuma ya usukani na kulitoa gari katikati ya umati uliokuwa ukitoroka. Mafundi wengi walirejea makwao baada ya mkasa huo, naye akapata kazi tele ya kufufua magari yaliyoungua.

Sakakibara alimwamini kiasi kwamba mnamo 1928 alimruhusu kufungua tawi la Art Shokai mjini Hamamatsu. Huko Honda alibuni spoki za chuma za kuchukua nafasi ya zile za mbao zilizotumika kwenye magurudumu ya magari, na akazipatia hataza. Isitoshe, aliunda magari ya mashindano na kuyaendesha mwenyewe. Mnamo Juni 1936, katika uwanja wa Tamagawa, gari lake liligongana na jingine na kupinduka. Alijeruhiwa vibaya usoni, naye nduguye Benjiro, aliyekuwa kando yake, akavunjika uti wa mgongo. Wote wawili walinusurika.

Somo lililomkomaza zaidi halikutokea uwanjani bali kwenye tanuri. Honda hakutosheka na kazi ya ukarabati. Alitaka kuunda kitu chake. Alichagua ringi za pistoni, vile vikuku vyembamba vinavyoziba mwanya kati ya pistoni na ukuta wa silinda ili mgandamizo usipotee na oili isipande juu ikaungua. Ni kipande kidogo kinachotoshea kiganjani. Hata hivyo, kila ringi aliyomimina ilitoka ngumu na kuvunjika, au laini na kulika upesi.

Alikesha kiwandani, akala akiba yake yote, na hatimaye akakiri kwamba hakujua sayansi ya vyuma. Mtaalamu mmoja alipochunguza ringi zake alimweleza kuwa hazikuwa na silikoni ya kutosha. Honda, mtu mzima mwenye mke na biashara, alijiunga na chuo cha ufundi cha Hamamatsu na kukaa darasani na vijana. Alihudhuria masomo yaliyohusu ringi, akapuuza mengine na kususia mitihani. Chuo kilimwondoa bila cheti.

Hata baada ya kuanza kuziunda kwa wingi kupitia kampuni ya Tokai Seiki, mambo hayakunyooka. Ringi 50 zilipopelekwa kwa kampuni ya Toyota kukaguliwa, ni 3 pekee zilizopita. Ilimchukua muda wa kuzunguka vyuo na viwanda vya chuma kabla ya kufikia kiwango kilichohitajika.

Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, wanaume waliitwa jeshini na nafasi zao kiwandani zikachukuliwa na wanawake. Honda alibuni mashine za kuunda ringi zilizojiendesha zenyewe ili wasio na ujuzi waweze kuzitumia. Alibuni pia mashine ya kuchonga propela za ndege kwa ajili ya Nippon Gakki, kampuni ya ala za muziki ambayo miaka kumi baada ya vita ilizindua pikipiki za Yamaha na kugeuka mpinzani wake sugu.

Kiwanda chake kilishambuliwa kwa mabomu. Januari 1945 tetemeko la ardhi lilimalizia kilichosalia. Vita vilipokwisha, aliuza hisa zake kwa Toyota na kutangaza kuwa atapumzika mwaka mzima. Alinunua pipa la pombe, akacheza zumari na kupokea marafiki. Mkewe Sachi, aliyemwoa mnamo 1935, ndiye aliyehangaika kutafuta chakula katika nchi iliyokuwa magofu.

Mwaka wa 1946 aliamka. Katika kibanda kidogo cha mbao mjini Hamamatsu, alianza kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizotumiwa na jeshi kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chupa ya maji moto ya kupashia kitanda joto. Petroli ilikuwa adimu, kwa hivyo aliichanganya na mafuta yaliyotolewa kwenye mizizi ya msonobari. Sachi alipanda chombo hicho na kukizungusha mitaani, wateja wakajionea kwamba hata mama wa nyumbani angekimudu.

Injini zile za jeshi zilipokwisha, ilibidi aunde zake. Septemba 24, 1948 kampuni ya Honda Motor ilisajiliwa ikiwa na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata ilitoa Dream D, pikipiki kamili ya cc 98. Mwaka huohuo Honda alikutana na Takeo Fujisawa, mtu aliyeyabadilisha maisha yake kuliko injini yoyote.

Wawili hao walitofautiana kama usiku na mchana. Honda alikuwa mwepesi wa kukasirika, na wahandisi wake walijua kuepa spana iliyorushwa hewani. Akipata wazo alipiga magoti na kulichora kwa chaki sakafuni mwa karakana. Fujisawa alikuwa mtulivu, msomaji na mpenzi wa muziki. Walikubaliana kwamba mmoja atashughulikia mitambo na mwingine fedha, na Honda akamwachia mwenzake hata muhuri rasmi wa kampuni. Ni wamiliki wachache wa biashara wanaoweza kuthubutu kufanya hivyo.

Mkataba huo ulijaribiwa mnamo 1954. Kampuni ilikuwa imeagiza mitambo ya thamani ya yeni milioni 450 kutoka Marekani na Ulaya, deni zito kwa kampuni changa, pikipiki zake zikaanza kukataliwa sokoni. Dream ya cc 220 ilisumbua wateja kwa hitilafu ya kabureta. Skuta mpya ya Juno ilikuwa balaa zaidi. Honda alikuwa ameifunika kwa gamba la plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, akaiwekea stata ya umeme na kioo kikubwa mbele. Ilipendeza machoni, lakini ilikuwa nzito, na injini iliyofichwa ndani ya gamba ilikosa hewa na kuchemka.

Huenda hapo ndipo palipozaliwa sura ya pikipiki zilizomjengea heshima baadaye, kwani mashine kubwa alizotoa katika miaka iliyofuata ziliacha injini ipigwe na upepo. Fujisawa aliwasihi wauzaji wa vipuri wangoje malipo, benki ikakubali kuwapiga jeki, na kampuni ikaponea chupuchupu.

Ajabu ni kwamba katikati ya dhiki hiyo, Machi 1954, Honda alitangaza kuwa angeshiriki mashindano ya pikipiki ya Isle of Man. Alisafiri huko Juni kutazama na akarudi na fadhaa. Pikipiki za NSU za Ujerumani zilitoa nguvu karibu mara tatu ya zake kwa injini za ukubwa uleule. Alinunua minyororo, magurudumu, kabureta na vipuri vingine kadiri alivyoweza kubeba, akarejea kuvichunguza.

Siri aliyoisaka ilikuwa mwendo wa kasi wa injini. Kila mlipuko ndani ya silinda huzaa nguvu kidogo. Ukiongeza idadi ya milipuko kwa dakika, nguvu nazo huongezeka. Tatizo ni kwamba valvu, pistoni na vyote vinavyopanda na kushuka huanza kushindwa kufuata mdundo. Honda alipambana na hilo kwa kutumia silinda ndogo nyingi badala ya moja kubwa, na kwa kuipandisha kamshafti juu ya silinda ili ifungue valvu karibu bila kupitia fito ndefu.

Timu yake ilishiriki kwa mara ya kwanza mnamo 1959 na kumaliza katika nafasi za 6, 7, 8 na 11 katika mbio za cc 125, ikatwaa tuzo ya timu. Miaka miwili baadaye Mike Hailwood aliwashindia mbio za cc 125 na za cc 250 kisiwani humo, na katika kila mojawapo nafasi tano za kwanza zote zilikwenda kwa Honda.

Wakati huohuo Super Cub, chombo kidogo cha mwaka wa 1958 kisicho na mkono wa klachi ili mpelekaji wa chakula aendeshe kwa mkono mmoja, ilikuwa ikiuzwa kwa wingi usio na kifani. Idadi ya zilizoundwa ilipita milioni 100 mnamo 2017. Hata hivyo, wapenzi wa ufundi humkumbuka Honda kwa pikipiki za ukubwa wa kati.

Ya kwanza kutia fora ilikuwa CB72, iliyotolewa mwishoni mwa 1960. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, cc 247, kamshafti juu inayozungushwa kwa mnyororo, kabureta mbili na nguvu za farasi 24 katika mizunguko 9,000 kwa dakika. Fremu yake ya mabomba ya chuma haikupita chini ya injini; injini yenyewe ilifungwa kwa bolti na kuwa sehemu ya fremu. Ndugu yake, CB77 ya cc 305, ilifuata mnamo 1961. Mwandishi Mmarekani Robert Pirsig alivuka majimbo ya nchi yake kwa CB77 mnamo 1968 akiwa na mwanawe, na safari hiyo ikazaa kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1974.

Waendeshaji wa Ulaya na Marekani wa enzi hiyo walizoea injini za Uingereza zilizodondosha oili sakafuni. Sanduku la krenkishafti la injini hizo lilipasuliwa wima, hivyo kiungo chake kilishuka hadi palipotuama oili. Honda alilipasua sanduku lake kwa ulalo, kiungo kikawa juu na oili ikabaki katika nusu ya chini kama maji kwenye karai. Akaongeza stata ya umeme. Mtu aliyevalia suti aliweza kubonyeza kitufe na kwenda kazini bila kupiga kiki wala kuchafua viatu.

CB450 ya mwaka wa 1965 ilizidi kwa ujasiri. Injini yake ya cc 444 ilikuwa na kamshafti mbili juu, jambo lililokuwa la pikipiki za mashindano, na badala ya springi za kawaida, valvu zilirudishwa na fito za chuma zinazojisokota. Ilitoa nguvu za farasi 43 na kuzitia kiwewe pikipiki za cc 650. Lakini Wamarekani hawakuinunua kama ilivyotarajiwa. Walipenda nguvu zinazopatikana bila kuizungusha injini hadi ipige mayowe, na kwao ukubwa ulikuwa na maana yake.

Jibu lilikuwa CB750, iliyoonyeshwa Tokyo mnamo Oktoba 1968 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata. Silinda nne zilipangwa kukingama fremu, mabomba manne ya ekzosi yakateremka mbele mithili ya filimbi, na nguvu zikawa za farasi 67. Kiongozi wa mradi, Yoshiro Harada, alikuwa na mapendekezo mawili kuhusu breki ya mbele: ya zamani, au ya diski inayobanwa kwa shinikizo la oili, ambayo bado haikuwa imejaribiwa vya kutosha. Honda aliamua ya diski papo hapo. Kampuni ilikisia kuuza 1,500 kwa mwaka. Muda si muda ikawa ni 1,500 kwa mwezi, kisha 3,000. Mnamo 1971 ikafuata CB500 ya cc 498, nyepesi zaidi na rahisi kugeuza, ambayo wapo wanaoiona kuwa bora kuliko dada yake mkubwa.

Si zote zilizobeba jina lake alizichora yeye. CG125 ilitoka mnamo 1976, akiwa ameshastaafu, na wahandisi wake waliiacha kamshafti ya juu kwa makusudi na kurejelea fito, ili injini istahimili oili isiyobadilishwa na makanika asiye na vifaa. Viwanda vya China viliiga muundo huo, na pikipiki nyingi za bodaboda zilizomiminika Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000 ni vitukuu vyake.

Katika injini hizo zote za CB, mitungi ilizungukwa na mapezi membamba ya aluminiamu yanayopozwa na upepo. Honda aliyapenda mapezi hayo kupita kiasi. Aliamini kwamba maji ni mzigo wa bure, kwa kuwa mwishowe nayo hupozwa na hewa. Katika pikipiki iliyo wazi, imani hiyo ilikuwa sahihi. Aliposhikilia kuihamishia kwenye magari, ilimponza.

Mnamo 1968 aliamuru gari la mashindano la RA302, lenye injini inayopozwa na hewa, lishiriki mbio za Grand Prix nchini Ufaransa. Dereva mkuu wa timu, John Surtees, alilijaribu na kukataa kulitumia mbioni kwa kuwa halikuwa tayari. Julai 7, katika uwanja wa Rouen, Mfaransa Jo Schlesser alilipanda badala yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Gari lilipoteza mwelekeo, likagonga ukingo na kuwaka, na mwili wake wa magnesi ukauchochea moto. Schlesser aliaga dunia. Hakuna sifa inayoweza kuifuta siku hiyo katika maisha ya Honda.

Hata baada ya hapo hakulegea. Gari la Honda 1300 la mwaka wa 1969 lilipozwa na hewa pia, likawa zito na ghali. Wahandisi wake vijana walijua kwamba kanuni mpya za moshi zisingetimizwa kwa injini ambayo joto lake haliwezi kudhibitiwa, lakini nani angemfunga paka kengele? Walimwendea Fujisawa. Huyu alimuuliza mwenzake kama anataka kubaki rais wa kampuni au kuwa mhandisi tu. Honda alitafakari, akajibu kwamba atabaki rais, na akawaruhusu vijana kutumia maji. Matunda yalikuwa injini ya CVCC, iliyotangazwa mnamo 1972 na kutimiza masharti makali ya Marekani kuhusu moshi.

Oktoba 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Kiti kilikwenda kwa Kiyoshi Kawashima, mhandisi aliyeajiriwa tangu siku za kibanda cha mbao. Hakuna mwana wa Honda aliyerithi kampuni, kwani waasisi hao walikuwa wamekubaliana kutowaingiza watoto wao.

Baada ya kustaafu, mzee alifunga safari ya kuzuru viwanda na maduka ya Honda kote nchini Japani, takriban 700, ili ampe mkono kila mfanyakazi. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu. Mahali fulani makanika mmoja alinyoosha mkono, kisha akaurudisha ghafla na kutaka kwenda kunawa kwa kuwa ulijaa oili. Honda alimzuia, akaushika hivyo hivyo, kisha akakinusa kiganja chake.

Fujisawa alifariki dunia mnamo Desemba 30, 1988. Honda alifuata Agosti 5, 1991 jijini Tokyo, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameagiza kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu magari ya waombolezaji yangesababisha msongamano barabarani.